Kuandika Chini ya Dirisha la Mkamwana

Mke wangu huwaambia watu kwamba nilianza kuandika siku nilipokosa kazi ya maana. Si kweli. Nilianza zamani sana, nikaanza tena, nikaanza tena, na kila mara kitabu kilikufa kwenye ukurasa wa kwanza. Kosa lilikuwa langu. Nilipokuwa kijana nilisubiri nipate meza. Nilipopata meza nikasubiri watoto wakue, maana walikuwa wakiifanya ile meza farasi. Watoto walipokua nikasubiri utulivu, na utulivu ulipokuja nikalala usingizi.

Nilifanya kazi ya kutunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Mwenye duka, ambaye wazee wake walitoka Bara Hindi, alikuwa akiwasha kijiti cha udi kila asubuhi mbele ya picha ya mungu wake kabla hajagusa kufuli ya droo ya pesa. Mvua inyeshe, mgomo uwe mjini, tumbo limuume, udi uliwashwa. Nilidhani ni mambo ya dini tu. Siku hizi nafikiri mzee yule alikuwa pia anajifunga mwenyewe kamba, asije akaamka siku moja akasema leo sijisikii. Mimi sikuwa na kamba. Nilikuwa na misumari ya kila ukubwa, na kila jioni nilisema kesho.

Nilipostaafu nikarudi nyumbani juu ya Nyakoe, nikawa mtu wa majani chai na ndizi, macho nayo yakaanza kufanya ukungu. Mtoto wa jicho, wakasema hospitalini. Nikishika kalamu naandika mstari juu ya mstari mwingine. Nikajua sasa nimepata kisingizio kizuri kuliko vyote, na ningekufa nacho kwa raha, lakini mke wa mwanangu akanisikia nikilalamika.

Mkamwana wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mume wake, yaani mwanangu, yuko Nairobi, anakuja mwisho wa mwezi. Mkamwana anafundisha Kiswahili, na ana kompyuta ndogo ambayo yeye huiita kipakatalishi, mimi naiita mashine, mke wangu anaiita kile kitu. Siku hiyo alikuwa amesimama uani mbali nami kwa heshima, akaniambia, "Tata, wewe sema, mimi nitaandika. Nikitoka shule naweka sufuria motoni, na hadi maharagwe yaive nina saa nzima."

Tata kwetu ni baba. Nilikubali haraka sana, kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani, nikagundua nilichofanya.

Sisi Abagusii tuna kitu tunachokiita ensoni. Ni haya, lakini ni haya yenye sheria. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Tena mbele ya mkamwana hatamki neno lolote la uchi, la chooni, la mapenzi, wala la suruali. Najua vijana wa leo wameacha. Wanaingia kwa watoto wao, wanakaa kwenye kochi, wanabadilisha chaneli. Mimi siwezi. Nikifika kwenye ule mlango miguu yangu inagoma kama ng'ombe aliyeonyeshwa daraja. Na ile mashine betri yake ilikuwa imekufa, ilibidi ichomekwe ukutani, na ukuta ni wa nyumba ya mwanangu, na sufuria iko humo humo.

Basi mke wangu ndiye aliyetoa shauri. "Dirisha si mlango," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyopata ofisi yangu. Kiti cha plastiki chini ya dirisha la mkamwana, ukutani, upande wa shamba la ndizi. Yeye ndani na mashine yake, mimi nje, nimelipa dirisha mgongo ili tusitazamane. Na kwa kuwa kwetu mvua ya jioni haikosi, nilikaa na mwavuli, na mvua ilipopiga mabati nilipaza sauti.

Nimeulizwa na vijana wawili watatu, nilipataje nidhamu ya kuandika kila siku. Ningependa kusema ni moyo wa chuma. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu kumfanya mkamwana asubiri. Angekuwa mke wangu ningemwambia kichwa kinaniuma. Angekuwa mwanangu ningemwambia aende akafanye kazi yake. Lakini mkamwana akitoka shuleni na chaki kwenye vidole, akaweka maharagwe, akaniita kwa sauti ndogo, "Tata, niko tayari," unamwambiaje hujisikii? Nilienda nikiwa na mafua. Nilienda siku ng'ombe amezaa. Ijumaa tulimaliza kabla jua halijatua, maana sisi ni wa Sabato, na Jumamosi nilipumzika kama sheria inavyosema, ila nilipumzika vibaya, nikitunga.

Nidhamu niliipata namna hiyo, basi. Ujasiri ndio ulikataa kuja.

Wiki za mwanzo nilikuwa nikisimulia utoto wangu, na mvua ilikuwa kubwa. Watu waliopita njiani kwenda kituo cha kuuzia majani walimwona mzee chini ya mwavuli, ameupa ukuta mgongo, anapiga kelele: "Nilikuwa maskini! Hakuna aliyenipenda! Nililala njaa!" Halafu sauti ya mwanamke kutoka ndani, kwa upole: "Rudia, tata, sikusikia." Na mzee anarudia kwa nguvu zaidi: "Nililala njaa!"

Siku chache baadaye mzee wa kanisa akanijia nikiwa natoa taka zizini.

"Ndugu yangu," akasema, "tumesikia unanyimwa chakula."

"Na nani?"

"Kijiji kizima kimesikia. Wewe mwenyewe ndiye uliyetangaza."

Hapo ndipo ningesema, ninaandika kitabu. Ni maneno mawili tu. Lakini niliyatazama yale maneno nikayaona makubwa kuliko mimi. Mtu wa kidato cha nne, mhesabu misumari, aandike kitabu? Nikamwambia, "Hapana, nakuwa nasali tu."

Uso wake ukang'aa. Nilijua nimekosea, lakini sikujua nimekosea kiasi gani hadi kesho yake, alipofika na wazee wengine na vitabu vya nyimbo, kila mmoja na mwavuli wake, wakanizunguka pale chini ya dirisha. Tuliimba. Kisha yeye akaomba, na yule mtu akianza kuomba hamalizi leo. Mimi nilifumba macho nikifikiria maharagwe yanaiva na siku yangu inapotea.

Haikupotea. Mkamwana alikuwa ndani, ameniandalia ukurasa, akasikia sauti nje, na kwa sababu ya mvua hakutambua kwamba si yangu. Akaandika yote. Aliponisomea Ijumaa, katikati ya sura ya utoto wangu pakatokea: "Ee Bwana, mtazame mzee huyu uliyemwachia miaka mingi na akili kidogo. Umrudishie amani na mkamwana wake. Umwonyeshe pia mahali pa kusalia palipo na paa."

"Tata," akasema, "hapa mtindo umebadilika. Ni pazuri, lakini sikuelewa."

Nilimfuata mzee wa kanisa nyumbani kwake, nikasimama uani, nikamwambia kwa pumzi moja kabla sijaogopa: "Mimi sisali pale. Ninaandika kitabu."

Alinitazama. "Kitabu cha nini?"

"Cha maisha yangu."

"Kwani uliishi wapi?"

"Hapa hapa."

Akafikiri sana. "Na mimi nimo?"

"Bado."

"Ukinitia," akasema, "andika kwamba nilikuwa mrefu." Kisha akaniletea chai. Nikarudi nyumbani nikishangaa kwamba dunia haikuanguka. Kile kitabu kiliwatisha watu kidogo kuliko kilivyonitisha mimi.

Nilijiona sasa mimi ni simba, lakini mambo yenyewe yalikuwa hayajaanza. Utoto uliisha, nikafika kwenye ujana, na ujana una suruali ndani yake. Una miguu ya wasichana. Hayo siwezi kuyasema dirishani. Ndipo tukamwajiri mke wangu. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda mlangoni mwa nyumba ya mkamwana, nusu ndani nusu nje, na nikifika kwenye neno la ensoni namwita, analeta sikio, namnong'oneza, anaingia ndani na kulisema. Wanawake wao kwa wao wana sheria nyepesi. Tulidhani tumeshinda.

Tatizo la mke wangu ni kwamba hawezi kubeba neno bila kulifua kwanza. Nilimnong'oneza: "Sema nilipomwona kwanza sokoni Magwagwa, nilipenda miguu yake." Akaingia ndani, nikamsikia akisema wazi: "Andika kwamba alipendezwa na bidii yangu."

"Mama!" nikamwita. "Sikusema bidii."

"Nilikuwa nimesimama kwa miguu gani nikifanya hiyo bidii? Ni kitu kimoja."

Nilimnong'oneza habari za siku nilipolewa pombe ya wimbi nikaingia nyumba isiyo yetu. Ndani ikafika hivi: "Aliwatembelea majirani." Nikamnong'oneza nilivyofukuzwa na baba yake kwa fimbo. Ndani ikafika: "Baba yangu alimsindikiza."

Ijumaa mkamwana akasoma hadi mwisho. "Tata, utanisamehe nikisema kitu?"

"Sema, mwalimu."

"Hiki kitabu hakina mtu ndani. Kuna mzee mmoja mwema sana, haanguki, hachelewi, hanuki. Watoto darasani wakiniletea insha kama hii nawapa alama za mwandiko tu."

Mke wangu akacheka kule mlangoni kama kwamba yeye hakuhusika. Mimi sikucheka. Nilijua ni katika sehemu gani ya maisha yangu yule mwema ameanguka, amechelewa na amenuka, yote siku moja. Na nilijua ni kwa nini sikuwa nimeisema kwa mtu yeyote tangu ujana wangu.

Mke wangu ana hadithi yake. Kila mtu kutoka Nyakoe hadi Magwagwa anaijua. Nilipokuwa namchumbia, ilipangwa siku ya mimi kwenda kwao kujulishwa kwa wazazi wake. Sikutokea. Ikaja habari kwamba malaria imeniangusha njiani. Yule msichana, badala ya kununa, akapika uji wa wimbi, akautia kwenye kibuyu, akatoka kwao Magwagwa na shangazi yake kwa miguu hadi kwetu, akanikuta natetemeka mkekani, akaninywesha kwa mkono wake, nikapona. Hiyo ndiyo hadithi. Akina mama wa kanisa wanamwita mama wa uji. Kila bibi harusi akiagwa, yeye ndiye anayeitwa kutoa nasaha, na nasaha zake ni hizo: uji, kibuyu, milima, mkono wake, nikapona. Nimekaa kwenye hema za watu nikiisikiliza hadithi hiyo tangu nywele zangu ni nyeusi, nikitikisa kichwa mahali panapotakiwa.

Malaria haikuwepo.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimefika karibu kabisa na kwao, nimevaa suruali nyeupe ya kuazima kwa kaka yangu, nikaona kwenye kijia cha migombani anakuja mama mkwe na mtungi wa maji. Wakati ule kijana hakutani na mama mkwe uso kwa uso njiani, anampisha, na kadiri anavyompisha mbali ndivyo anavyoonekana ana adabu. Mimi nilitaka kuonekana na adabu kupita kiasi. Niliruka. Upande niliorukia palikuwa na shimo la samadi, limefunikwa majani ya mgomba ili lioze vizuri. Lilikuwa limeoza vizuri. Nilichuchumaa humo bila kupumua hadi mama mkwe akapita, kisha nikashuka mtoni, nikavua, nikafua, suruali ikawa ya kijani na haikurudi kuwa nyeupe tena hadi leo. Nikamtuma kijana wa huko aseme nimeshikwa na malaria. Na msichana alipofika kwetu na kibuyu, ningefanya nini? Nilitetemeka. Nilimeza kwinini ya bure hadi masikio yakavuma kama kiwanda cha chai.

Sasa tazama mtego huo. Hadithi ina suruali, ina kuvua nguo mtoni, ina samadi. Siwezi kuisema dirishani. Lazima nimnong'oneze mwenye kubeba maneno, na mwenye kubeba maneno ndiye niliyemdanganya. Tena sherehe ya kumuaga binti mmoja huko Ogembo ilikuwa Jumapili iliyokuwa inakuja, na mama wa uji ameshaalikwa.

Nilikimbia. Jumatatu nilisimulia habari za ng'ombe. Jumanne tena ng'ombe. Jumatano mkamwana akauliza kwa heshima, "Tata, huyu ng'ombe anaolewa au vipi? Maana tulimwacha msichana Magwagwa anasubiri." Niliona haya. Nilikuwa nimekaa pale kila siku kama mwandishi, kwa saa yangu, kwenye kiti changu, na kumbe nilikuwa naitumia saa yenyewe kujificha, kama nilivyojificha shimoni.

"Mama," nikaita, "lete sikio."

Akaleta. Linanuka mafuta ya nazi. Nikaanza: "Ile siku ya kwenda kwenu..."

"Ya malaria!" akasema, akageuka kabla sijamaliza, uso umejaa furaha, akaanza kumwambia mkamwana moja kwa moja. Jasho lilivyokuwa linanitoka, mkeka ulivyolowa, shangazi alivyosema huyu hafiki asubuhi. Aliongeza na mapya. Nikasikia vidole vya mkamwana vikikimbia juu ya mashine kama mvua ya kwanza.

Kisha vikasimama. "Tata, malaria ilikuanza mahali gani? Ulikuwa umefika wapi?"

Nilikuwa na jibu jepesi kabisa. Ningetaja daraja au mlima wowote, na hadithi ingeendelea kuishi, na Jumapili mke wangu angesimama Ogembo na kibuyu chake. Ningekuwa nimemtendea wema, labda. Hilo bado nalifikiria.

"Hakukuwa na malaria," nikasema.

Sikunong'ona. Nilisema kwa dirisha, kwa mdomo wangu, na kwa sababu nilijua nikisimama sitaendelea, nilisema yote hadi mwisho: mama mkwe, shimo, suruali, mto. Nilisema suruali mbele ya mkamwana. Nilisema nilivua. Migomba ilinisikia. Ndani, mkamwana alitoa sauti kama ya mtu anayejiziba mdomo na leso.

Mke wangu alisimama mlangoni.

"Ulikuwa mzima," akasema.

"Nilikuwa mzima."

"Na ulikuwa unatetemeka."

"Nilitetemeka kwa hofu."

"Hofu ya nini?"

"Kwamba utaninusa."

Akachukua kigoda chake akaondoka nacho.

Mkamwana akangoja hadi hatua zake ziishe. "Nifute, tata?" akauliza. "Nikifuta, hata mimi nitasahau."

Yule alikuwa msichana mwema, na nilikaribia kulia. "Acha ilivyo," nikasema. Nikabaki nimekaa pale, mgongo ukutani. Sikujisikia jasiri hata kidogo. Nilijisikia nimevunja kibuyu cha mtu.

Siku zilizofuata mke wangu hakusema nami. Alisema na ng'ombe. "Ng'ombe, mwambie mzee wako chai iko tayari. Ng'ombe, mwambie ana shati safi ila sijui kama anahitaji, yeye amezoea mengine." Nilimjibu kupitia ng'ombe huyo huyo. Uji haukupikwa. Jioni nilienda dirishani kama kawaida, maana mkamwana alikuwa tayari, nikasimulia ndoa yetu bila mtu wa mlangoni. Mambo ya ensoni nikayasema mwenyewe, taratibu, nimefumba macho. Ukishasema samadi, mengine hayana uzito.

Jumapili ng'ombe aliambiwa kwamba mzee naye anakwenda Ogembo.

Nilikaa upande wa wanaume, nyuma kabisa. Bibi harusi alikuwa binti wa mwenzake mke wangu katika kikundi cha akina mama. Mshereheshaji akashika maikrofoni: "Na sasa, bila yeye hakuna ndoa inayosimama, mama wa uji!" Vigelegele. Mke wangu akainuka, akarekebisha kitambaa cha kichwani, na mimi nikatazama viatu vyangu. Ningetoa ng'ombe wawili nisiwe pale. Kama angesimulia malaria, angekuwa anasema uongo wangu mbele ya watu na yeye anajua. Kama asingeisimulia, angekuwa mwanamke wa kawaida aliyesimama mbele ya hema bila neno. Vyote viwili nilikuwa nimemletea mimi.

Akaanza kama anavyoanza siku zote. Uji. Kibuyu. Milima. Shangazi anachechemea. Akina mama walijua maneno, wengine walikuwa wanayasema pamoja naye. "Nikafika," akasema, "nikamkuta mkekani anatetemeka." Akaangalia upande wa wanaume hadi akanipata. "Leo nitawaambia alikuwa anatetemekea nini."

Aliwaambia. Alisimulia shimo kana kwamba yeye ndiye aliyelichimba. Aliruka jinsi nilivyoruka, na mikono juu. Alichuchumaa pale mbele, mwanamke wa umri wake, akaziba pua, akamwigiza mama yake akipita na mtungi, akiimba. Wazee walishikana mabega. Mama mmoja alitoka nje ya hema akalia huko kwa kucheka. Mshereheshaji alikaa chini.

Kisha akamgeukia bibi harusi, na uso wake ukawa wa nasaha kabisa. "Binti yangu, mume atakuwa mgonjwa, utampikia uji. Mume atakuwa mwongo, utampikia uji. Ila kabla hujampa, mnuse."

Niliona bwana harusi akijinusa bega, taratibu, akidhani haonekani.

Tulirudi hadi njia panda ya kwetu. Hapo akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akasema nami bila ng'ombe. Nilijiandaa kuomba msamaha. Nilikuwa nimeshatunga maneno.

"Umeona walivyocheka?" akasema.

"Nimeona. Mama, mimi..."

"Umeona yule aliyetoka nje? Miaka yote hii!" Alikuwa amekasirika kweli, macho yanawaka. "Miaka yote hii una hadithi tamu hivyo, umeniachia mimi malaria! Nimeaga mabinti wangapi kwa malaria? Watu wanasinzia, nadhani ni jua, kumbe ni malaria! Ubahili gani huo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kosa lingine kabisa. Na niseme ukweli, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoichagua: pale njia panda, pamoja na kufurahi, nilisikia wivu. Mimi nililipata lile shimo kwa uchungu wa wiki nzima, nikalisema kwa sauti ya kufa. Yeye alilichukua, akalisema vizuri zaidi.

Jumatatu nilipokwenda dirishani nilikuta kiti changu cha plastiki kimekaliwa. Kigoda kilikuwa kando yake.

"Kaa hapo," mke wangu akasema. "Mwalimu, futa ile ya malaria yote. Futa na ile ya huyu, ameisema kama mtu anayesoma matangazo ya vifo. Andika yangu."

"Ya kwako ni ipi?" nikauliza. "Wewe hukuwepo shimoni."

"Wewe ulikuwepo na ukainyamazia. Nani ana haki?"

Mkamwana akakohoa ndani. "Niko tayari, mama."

Akasimulia. Nilikaa kwenye kigoda nikisahihisha pale nilipoweza. Suruali haikuwa ya harusi, ilikuwa ya kuazima tu. Mama yake hakuwa akiimba. Alinikubalia moja, akanikatalia nyingine, na mambo yakaenda vizuri hadi tukafika kwenye kina.

"Samadi ikamfika shingoni," akasema.

"Gotini," nikasema.

"Tata, mama," ikaja sauti kutoka dirishani, "niandike lipi?"

Nilisimama. Nilikuwa mtu aliyesimama mbele ya mzee wa kanisa. Nilikuwa mtu aliyesema suruali kwa dirisha, kwa sauti, na migomba inasikia. Nilifungua mdomo kuitetea kweli, na mke wangu akainua macho akanitazama.

"Shingoni," nikasema, nikakaa.